Sikio la Mbali

Mzigo wa kichwani una mtuaji; mzigo wa moyoni aghalabu hauna. Mtu aliyejitwika gunia humwita mpita njia amsaidie kulitua, wala haoni haya. Lakini mtu aliyejitwika neno hupita mbele ya mlango wa jirani huyo huyo akitabasamu. Akiulizwa hali hujibu njema, akiulizwa za nyumbani hujibu salama. Kiswahili kina salamu nyingi, na jawabu la karibu zote ni la heri. Adabu ya ada hii ni kubwa, maana humzuia mtu kumtwisha mwenziwe taabu zake kabla hata ya kumpa mkono. Hasara yake nayo si ndogo, maana mtu aweza kujibu njema kila asubuhi kwa muda wa miaka mitatu, na huku nyumba yake inateketea bila moshi.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayesimuliwa hapa. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu, mzaliwa wa Pangani, mkazi wa Dar es Salaam, umri wake miaka 45. Alikuwa na shahada ya uzamivu, mke na watoto wawili. Kazi yake ilikuwa maneno. Aliweza kusimama mbele ya wanafunzi 200 akawapambanulia huzuni na majonzi, majonzi na simanzi, simanzi na jitimai, jitimai na kihoro. Akawaonyesha kila moja lina uzito gani, na mtu hulitumia wapi. Wanafunzi waliandika upesi upesi. Hapana hata mmoja aliyedhani kwamba mwalimu wao, aliyezijua tofauti hizo zote, hakuweza kulitamka hata moja la maneno hayo mbele ya mkewe.

Mama yake alifariki mwaka 2021. Habari ya ugonjwa ilifika siku ya Jumatatu. Mkewe, ambaye ndiye aliyepokea simu, alimwambia, "Nenda leo." Yeye alikuwa na karatasi za mitihani juu ya meza, na siku ya kuzirudisha ilikuwa imekaribia. Alijibu, "Nitakwenda Ijumaa." Mama alifariki Jumatano usiku. Alikwenda Pangani akazika, akapokea mikono ya watu, akasimamia khitma, akawashukuru waliofika na walioshindwa kufika. Hakulia. Watu walimsifu kwa subira. Siku ya tano alikuwa amerejea mjini akisahihisha mitihani ile ile.

Tangu hapo aliingiwa na kimya. Hakikuwa kimya cha ugomvi. Alilipa ada za watoto, alileta mahitaji ya nyumba, aliitika alipoitwa. Lakini kila mkewe alipoanza mazungumzo yenye kina, yeye alikumbuka kazi. Alikaa na vitabu mpaka saa nane za usiku, akalala, saa kumi akawa macho tena. Chakula alikula kama mtu anayetimiza sharti. Mwaka wa kwanza mkewe alistahimili, akasema ni msiba. Mwaka wa pili aliuliza, asijibiwe. Mwaka wa tatu alisema neno ambalo mwalimu hakulisahau: "Nimeolewa na kabati la vitabu. Afadhali kabati, maana hufunguka."

Wazee waliitwa. Kuita wapatanishi ni mila yenye mizizi mirefu. Kurani, katika Sura ya Nisaa, aya ya 35, imeagiza mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke panapoogopwa mfarakano. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo ilijua kwamba wawili huhitaji wa tatu. Kwa kawaida haikubali shauri la talaka lifike mahakamani kabla halijasikilizwa na baraza la usuluhishi. Basi alikuja mjomba wa mume kutoka Pangani, na shangazi wa mke kutoka Tanga, wakakaa sebuleni siku ya Jumapili baada ya chai.

Wazee waliuliza walivyozoea kuuliza. "Amekupiga?" Hapana. "Amekunyima chakula?" Hapana. "Ana mwanamke wa nje?" Mke alijibu hajui. "Basi, mwanangu, kosa lake ni lipi?" Mke alifikiri, akakosa jina la kosa. Mume naye alipoulizwa kama ana malalamiko juu ya mkewe alisema hana, na alisema kweli. Wazee wakatoa hukumu iliyotolewa mara elfu: mume amjali mkewe, mke amvumilie mumewe, na wote wawili wamche Mungu. Hukumu hiyo haikuwa mbaya, ila haikuwa na kitu cha kuhukumu. Mizani ya wazee hupima haki na dhuluma, na kwa kazi hiyo ni mizani bora. Kimya hakina uzani juu yake.

Tena palikuwa na jambo jingine. Mjomba aliyeketi katika kiti cha mwamuzi alikuwa ndugu wa marehemu, ziwa moja. Mwalimu angewezaje kufungua kinywa mbele yake akasema, "Dada yako aliniita, mimi nikachagua karatasi"? Ukaribu unaompa mzee haki ya kusikiliza ndio uliomnyima mwalimu uwezo wa kusema. Hapo pana siri ya mambo mengi yanayoharibika katika jamaa njema: hatuwaambii walio karibu nasi, si kwa kuwa hawatupendi, bali kwa kuwa neno lenyewe linawahusu.

Ilikuwapo njia ya hospitali. Lakini njia hii ina miba yake, na miba hiyo imepandwa na lugha. Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Unguja, Mathari ya Nairobi, ni mahali ambapo watu wengi wamepata nafuu. Lakini mitaani majina hayo yamegeuzwa matusi, na watoto hutukanana kwayo katika mchezo. Mtu akivunjika mguu huchukuliwa hospitali mchana, na jamaa humfuata na vikapu. Mtu akivunjika moyo huambiwa asali, au aoe tena, au apumzike. Mwalimu alipojiona, kwa mawazo, ameketi katika benchi la kliniki, na mwanafunzi wake anapita na kumwamkia, alijiambia kwamba ugonjwa ule si mkubwa kiasi hicho.

Usiku mmoja, saa tisa, aliiandikia mashine. Programu za namna hii siku hizi zimo katika simu nyingi, ijapokuwa asili yake si ya jana. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa MIT huko Marekani, alichapisha habari za programu aliyoiita ELIZA, ambayo hila yake kubwa ilikuwa kugeuza maneno ya mtu yakawa swali la kumrudishia. Mwenyewe alishangaa alipoona watu wanaifungulia mioyo. Na katika kitabu chake cha mwaka 1976 alionya kwamba ziko kazi ambazo kompyuta haipasi kupewa, hata ikiwa inaweza kuzifanya. Mashine ya mwalimu ilikuwa fasaha kupita hiyo. Alipoandika kwamba hapati usingizi tangu mama yake afariki, ilimjibu kabla hajavuta pumzi, ikampa pole na mashauri kumi yenye nambari. Katika shauri la nne aliona kosa la upatanisho wa ngeli, akalisahihisha. Katika la saba aliona jingine. Usiku ule ukaisha kama usiku mwingine wowote: mwalimu anasahihisha.

Hatimaye rafiki mmoja alimpa namba ya mshauri nasaha aliyekaa Mombasa na kuwasikiliza watu kwa njia ya mtandao. Alikuwa mwanamke wa miaka kama 35. Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mtu wa vyeti, aliomba kuona vyeti vyake, na alifanya vema. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 imetaka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe, maana katika mtandao kila mtu aweza kujiita tabibu. Waliafikiana kukutana kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, kwa muda wa dakika 50, wakionana kwa simu. Ada ililipwa kwa simu vilevile.

Nyumbani hapakuwa na chumba cha siri. Basi mwalimu aliingia katika gari lake, lililokuwa limesimama chini ya mwarobaini uani, akapandisha vioo, akaiegemeza simu juu ya usukani. Joto lilikuwa kali. Watu wa Dar es Salaam wanajua gari lililofungwa vioo ni kitu gani mwezi wa Februari.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema mshauri.

"Marahaba, Dada."

Salamu hii ilimfaa sana. Mtu aliyeogopa kuwa mgonjwa aliamkiwa kama mkubwa. Kisha mshauri alimweleza masharti ya kazi. Atakayosema ni siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mazungumzo hayatarekodiwa na yeyote kati yao. Na kwa kuwa mshauri yu mbali, na hawezi kunyosha mkono akamshika mtu anayeanguka, hana budi kujua mahali alipo mwenziwe kila wanapozungumza, na namba ya mtu wa karibu atakayepigiwa simu pakitokea hatari. Mwalimu alitaja namba ya mdogo wake aliyekaa Morogoro. Mkewe alikuwa hatua 20 kutoka pale.

Alipoulizwa kilichomleta, mwalimu alianza kufundisha. Alieleza tofauti ya huzuni na simanzi. Alieleza maneno yaliyotoka Kiarabu na yaliyo ya Kibantu. Alieleza moyo, na kwa nini Waswahili huweka ndani yake mambo ambayo mataifa mengine huyaweka kichwani. Alisema dakika 30. Yote yalikuwa sahihi. Mshauri hakumkatiza. Alipomaliza, mshauri alisema, "Ahsante, Mwalimu, nimejifunza. Katika maneno hayo yote, lako ni lipi?"

Mwalimu alinyamaza. Mshauri naye alinyamaza. Kimya kilirefuka hata mwalimu akadhani mtandao umekatika. "Dada, upo?"

"Nipo."

Hakusema jingine. Mashine ilikuwa na jawabu la kila neno, lakini haikuwa na kimya. Haikumngoja mtu hata mara moja. Huyu alingoja. Mwalimu alitazama jani la mwarobaini lililonata juu ya kioo, akalitazama muda mrefu, kisha akasema, "Ukiwa." Hilo halikuwa katika yale aliyoyafundisha. Na mshauri hakumwuliza asili yake. Alimwuliza lilianza lini.

Wako watu wanaodhani kwamba kuponya kwa mbali ni uzushi wa siku hizi. Si hivyo. Mwaka 1909 Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, alichapisha habari za mtoto aliyeogopa farasi, ambaye matibabu yake yalifanywa na babaye, huku Freud akipewa habari na kutoa maelekezo. Mtoto mwenyewe alikutana na tabibu kwa shauri hilo mara moja tu. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha huko London huduma ya kuwasikiliza kwa simu watu waliokata tamaa ya kuishi. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga milango mwaka 2020, washauri wa nchi nyingi walihamia mtandaoni kwa kulazimika, na wengi hawakurudi nyuma. Hata Uswahilini maneno ya faragha yalipata zamani njia ya kusafiri: Mwana Kupona wa Pate, katika karne ya 19, alipokuwa mgonjwa alimwachia binti yake mawaidha ya ndoa katika utenzi, na mawaidha hayo yamesomwa na watu ambao hakuwaona kamwe.

Wala kusikiliza si mali ya wenye shahada peke yao. Kishona kina neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Waswahili husema kwa ufupi kwamba fulani ana mawazo. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi kuketi katika mabenchi karibu na zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na akina bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wao walikaa karibu, mshauri wa mwalimu alikaa mbali. Lakini kazi yao ilikuwa ya namna moja. Walikuwa wamefundishwa jinsi ya kusikiliza, na hawakuwa na fungu katika shauri lenyewe. Somo na kungwi humwambia mwali la kufanya, na mwamuzi husema haki ni ya nani. Huyu wa tatu humsaidia mtu kusikia anachokisema mwenyewe.

Alhamisi zilifuatana. Kazi haikuwa ya miujiza. Mshauri alimtaka aandike saa alizolala na saa alizoamka, na jambo la mwisho alilowaza kabla ya usingizi kukatika. Alimtaka aone mwilini mwake ni wapi kimya kinapoanzia. Mwalimu alicheka, kisha akagundua kwamba kinaanzia kooni. Alimtaka amwandikie mama yake barua isiyo ya kupelekwa. Mwalimu aliiandika mara nne, maana tatu za kwanza zilikuwa na aya zilizopangwa vizuri mno. Wiki ya sita alisoma ya nne kwa sauti, garini. Alipofika mahali palipoandikwa "nilisema Ijumaa" alilia, akaegemeza kichwa juu ya usukani, honi ikalia pamoja naye, kuku wa jirani wakatawanyika. Kilio kilikuwa kimechelewa miaka mitatu.

Alipotulia, mshauri aliuliza, "Mwalimu, ni nani mwingine anayejua kwamba uliambiwa uende siku ile?"

"Mke wangu."

"Ukimtazama, unamwona nani?"

Mwalimu alijibu polepole, "Shahidi."

Hapo mfundo ulionekana. Kwa miaka mitatu alikuwa akimkimbia mtu ambaye hakumfanyia kosa lolote ila kusema kweli siku ya Jumatatu. Mshauri hakushangilia. Aliuliza swali moja tu: "Yeye anajua kwamba unazungumza nami?" Mwalimu akajibu hapana. Aliahidi kumwambia wiki ile, akachelewa. Akaahidi wiki ya pili, akachelewa. Alichelewa vilevile kama alivyochelewa kwenda Pangani.

Alhamisi ya tisa mkewe alikuja mwenyewe. Majuma mengi alikuwa amemwona mumewe akijifungia garini saa ile ile, uso wake ukiangazwa na simu, na sauti ya mwanamke ikipenya kioo. Aligonga. Mwalimu akashusha kioo.

"Baba watoto," alisema, naye hakupaza sauti, "huyu mwanamke ni nani?"

Mwalimu aliitazama simu kana kwamba jawabu lingetoka huko. Mshauri alisema, "Mwalimu, hilo si swali langu kulijibu."

Alikuwa na uwongo mwepesi tayari: angeweza kusema ni mwenzake wa kazi. Badala yake alisema, "Ni mshauri. Ninazungumza naye habari za mama."

Msomaji huenda atadhani kwamba mke alifurahi kwa kuwa hapakuwa na hawara. Hakufurahi. Alisimama kitambo, kisha akasema, "Miezi miwili unamwambia mtu wa Mombasa, na mimi niko jikoni." Neno hili lilikuwa la haki. Hawara angalichukua kilicho cha mwili. Huyu alikuwa amepewa kile kilichoombwa ndani ya nyumba kwa miaka mitatu na kikanyimwa. Jumamosi mke alipanda basi akaenda kwao Tanga.

Tiba ya siri ilikuwa imezaa jeraha jingine, na hapana haja ya kuficha. Sikio la mbali ni rahisi kwa sababu halidai kitu. Hulipi kwa kuonwa nalo kesho asubuhi. Kwa ajili hiyo mtu aweza kulifanya makao, akawa msemaji hodari Alhamisi na bubu siku sita zilizobaki. Mshauri mwaminifu hulijua jambo hili, na kazi yake ni kumrudisha mtu nyumbani na lile neno, amkabidhi mwenyewe.

Wiki ya tatu mke, baada ya kuombwa kwa barua ya mkono wala si kwa ujumbe wa simu, alikubali kuzungumza. Yeye alikuwa Tanga kwa shangazi yake, mume Dar es Salaam, mshauri Mombasa. Watu watatu wa miji mitatu walikutana katika kioo kimoja. Mume safari hii hakukaa garini. Alikaa sebuleni, mlango wazi. Mshauri aliwapa utaratibu: mmoja aseme, mwingine arudie alichosikia kabla ya kujibu. Dakika 15 za kwanza zilikuwa ngumu, maana kila mmoja alirudia maneno ya mwenziwe kama karani wa mahakama. Ndipo picha ya Mombasa ikaganda, midomo wazi, kisha ikatoweka.

Wakabaki wawili. Mume alisema wangoje. Mke alisema, "Tungoje nini?" Halafu akasema, "Nilidhani umenichukia kwa sababu nilikuambia uende, na nikawa kweli."

"Sikukuchukia," alisema mume. "Nilikuogopa. Kila nikikuona naisikia ile nenda leo."

"Mimi niliisema mara moja tu, baba watoto. Mara nyingine zote ulijisemea mwenyewe."

Mume alifunika uso. Mke alimwona akilia, naye hakuwahi kumwona hivyo katika miaka 16 ya ndoa. Baada ya dakika tisa mshauri alirudi akiomba radhi kwa mtandao. Mke alimwambia, "Ngoja kidogo, Dada, hatujamaliza." Mshauri akangoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nzuri kupita zote, nayo aliifanya akiwa hayupo.

Hapana budi kusema pia mipaka ya njia hii, maana sifa isiyo na mipaka ni biashara. Kwanza, anayepigwa nyumbani, au anayefikiri kujiua, au aliyepotewa na fahamu za kawaida, ahitaji watu wa kumfikia leo, wala si picha katika simu. Pili, siri iliyopita katika waya yaweza kuibiwa. Nchini Finland, mwaka 2020, wezi walitumia kumbukumbu za siri za wateja wa shirika la tiba ya mazungumzo kuwadai fedha wateja wenyewe. Huko Marekani, mwaka 2023, kampuni moja ya ushauri wa mtandaoni ilitakiwa kulipa dola milioni 7.8 kwa tuhuma za kuwapa watangazaji wa biashara habari za wateja wake. Mtu na aulize siri yake itawekwa wapi kabla ya kuitoa. Tatu, njia hii ni ya mwenye simu, fedha na pahali pa faragha. Na wengi wanaoihitaji hawana hata kimoja. Mwalimu angalau alikuwa na gari.

Mke alirudi Dar es Salaam wakati wa mvua za masika. Ingekuwa uwongo kusema kwamba tangu hapo waliishi bila mawimbi. Kimya humrudia mwalimu mara kwa mara, hasa wakati wa mitihani; lakini sasa kina jina, na mkewe hulijua. Ile karatasi ya masharti iliyotaka namba ya mtu wa karibu aliiandika upya, akaweka ya mkewe.

Kisha walikwenda Pangani pamoja. Baada ya kuzuru kaburi, mwalimu aliketi na mjomba barazani akamweleza yote: simu, karatasi, Ijumaa. Alitazamia kulaumiwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatazama mto, akasema, "Mimi dada yangu aliniita Jumapili. Nilisema nimalize kwanza kazi ya mashua." Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Basi siku ya khitma waliketi bega kwa bega watu wawili wenye mzigo mmoja, kila mmoja akidhani ni wake peke yake, wakaamkiana, wakajibizana njema. Sikio la mbali lilihitajika ili masikio haya mawili ya karibu yasikilizane. Mgeni aweza kumshika mtu mkono mpaka mlangoni. Hodi hupigwa na mwenyewe. Na anayesikia hodi asikawie kuitika, maana aghalabu naye alikuwa ndani, gizani, akingoja mtu wa kumtua.